Vifungo vya Shati la Babu

Je, mjukuu wangu, umewahi kukaa ukamtazama mtu unayempenda akihangaika na kifungo cha shati, nawe umekatazwa kunyoosha mkono? Usinijibu haraka. Ni rahisi kusema, "Mbona hilo dogo?" Lakini mikono ina tabia zake. Huondoka yenyewe kabla mwenye mikono hajaamua.

Nitakusimulia habari za msichana mmoja aliyeagizwa kufanya hivyo akashindwa. Alikuwa darasa la sita, mwembamba, miguu mirefu, na mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Jina hilo hakulipata bure. Ukimtuma chumvi dukani, hujamaliza kukoroga mboga, huyo amerudi, anakuuliza kama kuna kingine.

Nyumbani kwao waliishi yeye, mama yake, dada yake mkubwa, na babu yao aliyemzaa mama. Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Alitoka alfajiri na kurudi adhuhuri, unga ukiwa bado umemganda kwenye nyusi. Dada alisoma chuo cha tiba ya viungo, kule wanakofundishwa namna ya kumsaidia mtu aliyevunjika au aliyepooza ajifunze upya kuutumia mwili wake. Babu alikuwa fundi wa kupaka rangi majumba. Kuta nyingi za mji ule zilipita mkononi mwake, mpaka siku alipopata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, ulimi ukawa mzito. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Maneno tu ndiyo yaliyokuwa yakitoka mojamoja, kama watu wanaopita kwenye mlango mwembamba.

Kila asubuhi Chapuchapu alimhudumia Babu kabla ya kwenda shule. Alimfuta uso kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, akamvisha shati, akamfunga vifungo vyote kuanzia chini kwenda juu, akamkalisha kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, akamnywesha chai kwa kijiko. Babu akifungua kinywa, "Na... nataka...," Chapuchapu alikuwa ameshajua, au alidhani ameshajua.

"Maji, Babu? Haya, kunywa. Mto? Huu hapa. Jua linakuchoma? Ngoja nivute pazia."

Babu alitikisa kichwa, akafunga kinywa. Chapuchapu akanyakua mkoba wake, mbio.

Jirani yao alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, aliyeitwa Mama Redio kwa sababu hakuna habari iliyoingia mtaani bila kupitia kwake. Yeye ndiye aliyekuwa akija kumwangalia Babu wengine wakiwa hawapo. Alimsifu sana Chapuchapu. "Huyo ndiye mtoto! Ana adabu, ana huruma. Wangu mimi wanaruka miguu yangu kama wanaruka mfereji."

Siku hizo Dada hakuwepo. Chuo chao kilikuwa kikipeleka wanafunzi wachache kusoma muhula mmoja ng'ambo, naye alichaguliwa. Huko alipangiwa kwenye nyumba kubwa wanakotunzwa wazee waliopata maradhi kama ya Babu. Nyumbani wote waliamini kwamba akirudi atakuja na dawa mpya, au mashine, au angalau mafuta ya kuchua yenye harufu kali.

Aliporudi, wa kwanza kuingia alikuwa Mama Redio, hata sanduku halijafunguliwa.

"Karibu msafiri! Haya, mkono mtupu haulambwi. Umetuletea nini?"

Dada akacheka, akampa kitambaa cha kichwa cha maua ya samawati. Mama Redio akajifunga papo hapo, akajitazama kwenye kioo cha dirisha. "Nimependeza. Sasa tuambie, umejifunza nini huko?"

"Nimejifunza kungoja, mama."

"Kungoja!" Mama Redio alicheka mpaka kitambaa kikamwangukia machoni. "Mwanangu, ungeniambia mapema! Ungekuja kwangu nikufundishe. Mimi maji ya bomba nayangoja mwaka mzima!"

Wote walicheka, na Dada pia. Lakini kesho yake asubuhi hakuna aliyecheka.

Chapuchapu alikuwa ameshaingiza mikono ya Babu kwenye shati, vidole vyake viko kwenye kifungo cha chini, Dada aliposema taratibu, "Mwache afunge mwenyewe."

"Hawezi."

"Mwache ajaribu."

Babu aliwatazama wote wawili. Akashika kifungo kwa vidole vilivyotetemeka. Kikamponyoka. Akakishika tena. Kikaingia nusu, kikatoka. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Chai ilipoa ikafanya utando juu. Dada alikuwa amekaa mbele yake, mikono mapajani, hasemi neno, hata "jitahidi" hakusema. Mwishowe kifungo kimoja kilipita kwenye tundu lake. Kimoja tu, na Chapuchapu alichelewa shule.

Mama, aliposimuliwa, aliwaka. "Hicho ndicho ulichokwenda kusomea? Kumkalia mzee wangu mbele umtazame anavyotaabika, kama mtu anayetazama mpira?"

"Mama, nisikilize," Dada alisema. "Hata mimi wiki ya kwanza nilifanya kama sisi tunavyofanya hapa. Kulikuwa na bibi mmoja. Niliona anahangaika na sweta lake, nikamfunga haraka haraka, nikamtabasamia. Akalia. Nilidhani nimemuumiza. Kumbe alikuwa amekihangaikia kile kifungo tangu alipoamka, na amebakiza kidogo tu. Mwalimu wangu wa kule akaniambia niweke mikono mgongoni siku nzima. Mkono uliolegea hauamki kwa kufanyiwa, Mama. Huamka kwa kufanya."

Mama akapangusa unga kwenye nyusi. "Na majirani wakitusema?"

"Watusamehe. Tumpe Babu nafasi. Mtu asimfunge kifungo mpaka yeye mwenyewe aombe. Tukubaliane."

Walikubaliana. Chapuchapu naye aliitikia, "Sawa, Dada."

Na kwa siku chache mambo yalikwenda. Kifungo kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu. Ila asubuhi zikawa ndefu mno, na mlango ulikuwa wazi, na Mama Redio alikuwa na macho.

"Jamani, hamumwonei huruma?" alisema akiwa amesimama mlangoni na beseni lake la nguo. "Mzee mzima na heshima zake anatokwa jasho kwa shati, na wajukuu wawili wamekaa wanatazama! Ng'ambo imemfundisha dada yako uvivu. Na wewe, Chapuchapu, adabu yako imekwenda wapi?"

Maneno hayo yalimchoma Chapuchapu. Alimpenda Babu yake, na alipenda kusifiwa. Basi akaanza kufanya jambo kwa siri. Dada alipoingia bafuni kuoga, Chapuchapu alimvuta Babu karibu na kumfunga vifungo vyote upesi upesi. Babu alijaribu kumwondoa kwa mkono wa kushoto.

"Nyamaza, Babu, asitusikie," Chapuchapu alinong'ona. "Nakusaidia."

Siku za mwanzo Babu aliusukuma mkono ule. Baadaye akaacha kuusukuma. Baadaye tena, akawa anamngoja. Akisikia tu maji yanamwagika bafuni, anainua kidevu na kutoa kifua mbele, kama mtoto anayevishwa sare.

Dada akitoka anakuta shati limefungwa. "Babu amefunga mwenyewe?" "Ndiyo," Chapuchapu anajibu, huku akitafuta kiatu chake chini ya kitanda, ingawa kiatu kiko mguuni.

Sasa tazama jinsi uongo unavyozaa. Jioni, Dada alipomwomba Babu afungue na kufunga tena mbele yake, Babu hakuweza. Vile vitatu vikawa viwili, viwili vikawa kimoja, hatimaye mkono ukawa haujisumbui hata kuinuka. Dada hakuelewa. Alikaa mezani ameshika tama, akijiuliza amekosea wapi.

"Asubuhi anaweza, jioni hawezi," alimwambia Mama. "Labda ya kule ni ya kule."

Katika hali hiyo ndipo mwalimu wa chuo alipokuja. Alifika Jumamosi asubuhi, Mama akiwa na mapumziko. Alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, mwenye mkoba uliotuna na viatu vilivyojaa vumbi kwa sababu alikataa kuletwa na gari hadi mlangoni. Mama Redio, aliyekuja kuazima kijiko kikubwa, alisahau kijiko, akakaa.

"Mkuu wa chuo ameniuliza swali gumu," mwalimu alieleza baada ya kupewa chai. "Anataka kujua kama wanafunzi tunaowapeleka ng'ambo wanajifunza kitu, au wanakwenda kupiga picha. Nikiwauliza wenyewe, wote wananijibu, 'Mwalimu, nimejifunza mengi.' Hayo mengi mimi sijawahi kuyaona kwa macho. Kwa hiyo nimeamua kuwafuata majumbani. Kama naona badiliko katika kazi ya mwanafunzi, muhula wake unahesabiwa. Kama silioni, atarudia mwaka. Samahani, lakini ndiyo haki."

Dada aliinuka. "Karibu uone, mwalimu."

Alikaa mbele ya Babu, akampa shati, akaweka mikono mapajani. Babu alivaa, kisha akabaki ameshika ncha za shati. Mwalimu alingoja. Mama alingoja. Hata Mama Redio alingoja, na hilo si jambo dogo.

Babu hakugusa kifungo. Aligeuza shingo polepole, akamtafuta Chapuchapu kwa macho, akainua kidevu na kutoa kifua mbele.

"Si nilisema?" Mama Redio alipasuka. "Muda wote anatazamwa tu, maskini! Mwalimu, mtoto huyu ameondoka hapa mchapakazi, amerudi mvivu."

Mwalimu alimtazama Dada. "Mzee huyu mwanzoni aliweza?"

"Aliweza vitatu, mwalimu. Kisha akaanza kurudi nyuma."

"Kwa nini?"

"Sijui." Sauti ya Dada ilikuwa ndogo. "Nimefanya kama nilivyofundishwa. Labda sikufundishika."

Mwalimu alishusha pumzi. "Pole, binti yangu. Nitalazimika kusema nilichokiona."

Chapuchapu alikuwa amesimama karibu na kabati la vyombo. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana, mjukuu wangu. Nani alijua? Babu peke yake, na Babu maneno yake yalichelewa, tena hakuwa mtu wa kumchongea mjukuu. Akinyamaza, atabaki kuwa mtoto mwenye adabu, kama zamani. Lakini alimtazama Dada, aliyekuwa akimwondolea Babu uzi begani kwa upole kana kwamba hakuna kilichotokea, na akaona hawezi kulibeba jambo lile hadi jioni.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?" Mama aliuliza.

"Ni mimi ninayemfunga. Kila siku, Dada akioga. Namwambia Babu anyamaze. Dada akiuliza, namwambia Babu amefunga mwenyewe." Hapo machozi yakaanza kushuka. "Dada hajashindwa. Mimi ndiye niliyemrudisha Babu nyuma."

"Mtoto wewe!" Mama alisimama. "Mwenzako anakosa raha, hali vizuri, nawe unamtazama tu?"

Dada alimkodolea macho mdogo wake, na macho hayo yalimuumiza Chapuchapu kuliko fimbo.

"Kwa nini ulifanya hivyo?" mwalimu aliuliza, bila ukali.

"Nilimwonea huruma. Na Mama Redio alisema hatuna adabu."

"Mimi tena?" Mama Redio alishika kifua. "Mimi nimekuja kuazima kijiko!"

Mwalimu nusura acheke. Akavuta kiti chake karibu. Lakini kabla hajanena, Babu aliinua mkono wake wa kushoto, akamwita Chapuchapu kwa ishara; alipokaribia, akakishika kiganja chake, akakilaza taratibu juu ya kifua cha msichana mwenyewe, kana kwamba anamwambia, "Kikae hapo." Kisha akarudisha mkono wake kwenye shati, akaanza kutafuta kifungo. Hakukipata. Lakini alikitafuta, na wote walimwona.

"Leo siandiki kitu," mwalimu alisema akifunga mkoba. "Nitarudi. Na wewe binti, umesema kweli pale ambapo ungeweza kunyamaza ukabaki salama. Umemwokoa dada yako. Sasa kazi iliyobaki ni ngumu zaidi ya kusema. Ni kukaa."

Kweli ilikuwa ngumu. Jioni ile Chapuchapu alimwomba Dada msamaha, na Dada alimkumbatia, ingawa alimwambia wazi, "Nimekusamehe, lakini nitachungulia." Kuanzia siku ile Chapuchapu aliamka mapema zaidi, akakaa mbele ya Babu huku amekalia mikono yake, mpaka ikafa ganzi. Alijiimbia jedwali la kuzidisha kimoyomoyo ili asinyanyuke. Kuna asubuhi Babu alikasirika akalitupa shati sakafuni. Waliliacha pale pale mpaka alipoinama kidogo kidogo na kuliokota. Mama, aliyekuwa na mapumziko siku hiyo, alishindwa kutazama, akatoka nje kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Asubuhi moja Babu, baada ya kupambana na kifungo cha katikati, aliuleta mkono wa kushoto usaidie ule wa kulia. Akafungua kinywa. "Ki... kidole...," alianza. Ulimi wa Chapuchapu ulimwasha ammalizie, lakini aliung'ata. Wakangoja. "Kidole... kimoja... hakivunji... chawa." Na yule mzee akacheka, upande mmoja wa uso ukipanda, mwingine ukichelewa.

Walitazamana. Walikuwa wamesahau kwamba Babu alikuwa mtu wa mizaha. Muda wote ule mizaha yake ilikuwa ndani, hakuna aliyeingoja itoke.

Mwalimu aliporudi, ilikuwa tena Jumamosi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, sinia la maharage magotini, akichambua mawe na kuondoa yaliyotobolewa na wadudu. Mama Redio hakuitwa, lakini alikuwepo.

Babu alivaa shati. Alianza chini. Kifungo cha kwanza kiliingia. Cha pili kiliingia, ila kwenye tundu la tatu, shati likapanda upande. Chapuchapu aliona kosa lile mapema, na vidole vyake vikacheza chini ya mapaja. Hakusema. Babu alifika juu, akabaki na kifungo kimoja kisicho na tundu. Akakitazama. Akajitazama tumboni. Akaguna, akafungua vyote, akaanza upya.

Alipofunga cha shingoni, Mama Redio alipiga vigelegele, akafuta macho kwa kile kitambaa cha maua ya samawati.

Mwalimu hakupiga makofi. Alimgeukia Chapuchapu. "Nilisahau kukuuliza wewe siku ile. Dada yako amebadilika vipi tangu aliporudi?"

Chapuchapu alifikiri. "Zamani alikuwa kama mimi," alisema. "Akikusaidia, kila mtu anamwona. Sasa anasaidia mpaka humwoni. Unamwona Babu."

Mwalimu alitoa daftari mkobani. "Hilo nitampelekea mkuu wa chuo, na muhula wa dada yako utahesabiwa. Sikilizeni, wanangu. Elimu ya safari haipimwi kwa umbali uliokwenda wala kwa hadithi unazorudi nazo. Tunaipima kwa namna unavyoishi na watu wako ukisharudi. Na huruma ni kitu kizuri, Chapuchapu, usiiache. Lakini huruma yenye haraka inaweza kumnyang'anya mtu uwezo wake, na ikifichwa kwa uongo huwaumiza wawili kwa mpigo. Ukitaka kumsaidia mtu, mpe kwanza nafasi ya kujaribu. Na ukikosea, sema upesi. Hapo ndipo uchapuchapu unapofaa."

Wote walicheka. Dada alijifuta machozi kwa kiganja, akamvuta mdogo wake ubavuni.

Hapo Babu akajisogeza mbele kwenye kiti. "Na... nataka...," alianza.

"Chai, baba?" Mama aliinuka nusu.

"Mto huo umemteleza," Mama Redio alisema. "Mpeni mto."

Chapuchapu akainua mkono wake mmoja, kama mwalimu wa darasa anayetaka utulivu. "Jamani, hajamaliza."

Mama akakaa. Kukawa kimya mpaka ikasikika punje moja ya haragwe ikibingirika kwenye sinia. Babu alivuta pumzi, akanyoosha ule mkono wa kulia, polepole, kuelekea magotini kwa bintiye.

"Nataka... hayo... maharage," alisema. "Niyachambue... mimi. Nimechoka... kukaa... bila kazi."